CHOMBO HAKIPINDUKI BURE

(Hotuba iliyotolewa na fundi mmoja wa vyombo vya matanga mbele ya wanachama waliokusanyika Dunga, Kisumu. Tumeichapa kwa ombi la ndugu waliokuwa ziwani siku ile. Msomaji akimaliza kusoma, ampe mwenzake.)



Katibu aliponiambia niseme juu ya maumbile ya vyombo vya tanga, nalimwuliza kama chama cha wafanyakazi kina haja gani na habari hiyo. Chama hunena habari za malipo, saa za kazi na haki. Akanijibu, "Mzee, mtu aliyezama hadai malipo." Basi nikaona ya kwamba ana haki, nami nimekuja.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Kazi ya useremala wa vyombo nalijifunza kwa wazee wetu wa huko, na miaka yangu mingi nimeimaliza hapa kwenye ufuko wa Nam Lolwe. Kwa hiyo mnaposikia Kiswahili changu cha pwani, mnivumilie. Neno likiwa gumu nitalieleza.

Neno langu la leo ni moja tu. Watu wakizama husemwa, "Ni kazi ya Mungu," au "Ziwa limewataka." Mimi sibishani na Mungu. Lakini nawaambieni ya kwamba chombo hakipinduki bure. Kila chombo hutoka mikononi mwa fundi na akiba yake ya uthabiti, kama mtu atokavyo na mshahara wake mwisho wa mwezi. Akiba hiyo ina kiasi. Anayeitumia ni yule anayepakia mzigo na yule anayeshona tanga. Ikiisha, imekwisha, na wimbi halikopeshi.

KINACHOSIMAMISHA CHOMBO

Tuanze na mambo madogo. Tieni gogo la mviringo majini, mkae juu yake: litazunguka na kuwaangusha. Tieni mlango wa ubao majini, mkae juu yake: utatikisika, lakini hautazunguka upesi. Mti ni ule ule. Tofauti ni upana. Kitu kipana kikilazwa upande mmoja, upande ule huzama zaidi na maji husukuma juu kwa nguvu zaidi, kikarudi mahali pake. Hii ndiyo nguvu ya kwanza, nguvu ya upana.

Nguvu ya pili ni ya uzito uliokaa chini. Chupa tupu huelea ikilala. Itieni mchanga kidogo, nayo husimama wima, na mkiilaza hurudi yenyewe. Ndiyo maana mabaharia hutia farumi, yaani mawe au mchanga wa kukalisha chombo.

Nguvu hizi mbili hazifanani tabia. Chombo kipana hukataa kulala mwanzo, na baharia hujiona kama yumo nyumbani. Lakini kikifika mahali ambapo ukingo unagusa maji, nguvu yake huisha ghafula nacho hupinduka mara moja. Chombo chembamba chenye uzito chini hulala mapema na kumtia mtu hofu, lakini kadiri kinavyolala ndivyo kinavyozidi kukataa, mradi maji yasiingie. Basi msikihukumu chombo kwa kutikisika gatini. Vipo vyombo vinavyotikisika na kurudi nyumbani, na vipo vinavyotulia kama meza na siku moja visirudi.

HESABU YA ROBO

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye siri ya hotuba yote.

Chukueni chombo chenye upana wa mita 1.6. Fundi akiunda kingine cha urefu ule ule, lakini upana wake akauongeza kwa robo ukawa mita 2, nguvu ya upana haiongezeki kwa robo. Huwa karibu mara 2. Ni kwa sababu nguvu hiyo hukua kwa upana uliozidishwa kwa wenyewe mara 3. Basi upana kidogo huleta faida kubwa.

Sasa tutazame tanga. Tanga la pembe tatu lenye mita 4 chini na mita 4 kwenda juu lina eneo la mita 8 za mraba. Likuzwe kwa robo kila upande, liwe mita 5 kwa 5. Eneo lake ni mita 12 na nusu za mraba. Tena kitovu chake kimepanda juu, na upepo unaosukuma mahali pa juu hulaza chombo zaidi, kama vile mtu anavyoangusha mti kwa kuvuta kamba iliyofungwa juu wala si chini. Jumlisheni mambo hayo mawili, mtaona ya kwamba nguvu ya kukilaza chombo nayo imekuwa karibu mara 2.

Mmeona? Robo kwa robo. Aliyekuza tanga kwa robo sharti awe na chombo kilichopanuliwa kwa robo. Lakini tanga hukuzwa kwa siku moja, kwa sindano na kitambaa. Chombo hakipanuki. Mkuku na mataruma yake, yaani uti wa mgongo na mbavu, vimekwisha kupigiliwa misumari. Ndiyo sababu naogopa zaidi sindano kuliko msumeno.

Liko na jambo la tatu. Upepo wenyewe ukizidi mwendo mara 2, nguvu yake huwa mara 4. Upepo wa maili 10 kwa saa ukiwa wa maili 20, tanga lile lile linasukumwa mara 4. Kwa hiyo tanga linalofaa saa 3 asubuhi laweza kuwa adui saa 9 alasiri.

BAHARI SI ZIWA

Nilipofika hapa kijana, nalijiona mjuzi. Nikaunda mashua ya kipwani, nzito, yenye mkuku mrefu wa kwenda chini. Wazee wa Dunga walikuja kuitazama, wakanyamaza kwa adabu. Siku ya kwanza ilikwama katika matope karibu na mafunjo, na hapakuwa na maji ya kujaa ya kuja kuiinua. Kwetu Lamu chombo kikikaa mchangani, wasubiri saa chache maji yajae. Ziwani hakuna kujaa wala kupwa. Watu 14 waliivuta kwa mabega, na tangu siku ile naliacha kuwafundisha wazee.

Bahari ina pepo zake za msimu. Kaskazi huanza kuvuma karibu na Desemba na kuendelea mpaka Machi, kisha kusi hushika zamu miezi ya katikati ya mwaka. Nahodha hulipanga tanga lake kwa safari ya siku nyingi. Hapa upepo una zamu mbili kila siku, kama kiwanda. Usiku na alfajiri upepo wa nchi kavu hutoka barani kwenda ziwani, nao ndio unaowatoa wavuvi. Baada ya adhuhuri upepo wa ziwa hugeuka kuja barani, nao ndio unaowarudisha. Katikati ya zamu hizi huja mawingu meusi na dhoruba za ghafula, na ndani ya ziwa, mbali na nchi kavu, dhoruba kali za radi huja zaidi usiku. Kwa hiyo chombo cha ziwa hakihitaji tanga kubwa sana. Kinahitaji tanga linaloshuka upesi.

Mawimbi nayo si mamoja. Wimbi la bahari kuu ni refu. Chombo hupanda na kushuka kama mtu apandaye kilima. Ghuba yetu ya Winam haina kina kirefu, na mahali penye maji machache wimbi huwa fupi na la kusimama kama ukuta. Upepo wa alasiri utokao magharibi umekwisha kukimbia juu ya ghuba nzima kabla ya kufika Dunga, nasi tuko mwishoni mwake. Ndiyo sababu hapa penye nyumba zetu ndipo mawimbi yanapokuwa mabaya saa ya kurudi.

Katika mawimbi hayo chombo kipana chenye tako bapa hufuata sura ya kila wimbi na kupiga maji kwa kishindo, mpaka misumari inalegea. Chombo chenye tako lililochongoka hukata maji na kupita. Mtumbwi wa sese, uliopata jina lake kutoka visiwa vya Ssese katika Uganda, na ambao Wajaluo wanajua kuuunda kwa ustadi mkubwa, ni mrefu, mwembamba, tena umechongoka chini. Zamani mbao zake zilishonwa kwa kamba, na ulikwenda kwa makafi. Tanga la pembe tatu lilikuja ziwani na watu wa pwani. Katika miaka ya 1870 walikuwa tayari wakiunda jahazi kule Ukerewe. Basi chombo chetu cha tanga cha leo ni ndoa: mwili wa ziwa na nguo ya bahari. Ndoa nzuri, lakini yataka kupimwa. Mwili ule haukuundwa kwa tanga lolote kubwa.

Na pwani nayo yaweza kuja hapa ikafaulu. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa na mafundi wa Lamu kwa plastiki iliyotupwa na kuteremshwa majini mwaka wa 2018, lililetwa Kisumu mwaka wa 2021 likasafiri katika ziwa hili la Kenya, Uganda na Tanzania. Sisemi ya pwani ni mabaya. Nasema kila maji yana nguo yake.

MLINGOTI, USUKANI NA UPEPO WA NYUMA

Wengi hufikiri ya kuwa chombo huongozwa kwa usukani tu. Kwanza huongozwa na mahali pa mlingoti. Mlingoti ukiwa nyuma kidogo, chombo kikiachwa hugeukia upepo chenyewe, tanga likapepea, nguvu ikakatika. Huyo ni rafiki. Mlingoti ukiwa mbele mno, chombo kikiachwa huukimbia upepo, tanga likajaa zaidi, na mshika usukani akiteleza mnakwenda wote. Jaribuni siku ya upepo mdogo: legezeni usukani kidogo mwone omo inakwenda wapi. Ikikimbia upepo, hamisheni mzigo uende mbele kidogo, au mwambieni fundi arudishe mlingoti nyuma.

Lakini kuhamisha mzigo mbele ni kwa safari ya kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo. Kurudi Dunga alasiri ni kinyume. Upepo uko nyuma na mawimbi yako nyuma. Wimbi huinua tezi, yaani nyuma ya chombo, omo huchimba maji, na chombo hugeuka ubavu kwa nguvu ambayo usukani hauwezi kuizuia, kwa sababu wakati ule usukani wenyewe uko nusu hewani. Kikigeuka ubavu, wimbi la pili hukimaliza. Hivyo ndivyo watu wanavyozama wakiuona moshi wa majiko ya nyumbani.

Mtumbwi uliochongoka pande zote mbili hupasua wimbi la nyuma kuliko ule uliokatwa bapa nyuma kwa ajili ya injini. Yule bapa hunyanyuliwa zaidi. Mkiwa katika chombo cha namna hiyo, au chochote, fanyeni hivi: samaki na nyavu ziende nyuma kidogo, asikae mtu omoni, punguzeni tanga mapema, na mkiwa na kamba nene ndefu ikokoteni nyuma ya chombo. Kamba inayokokotwa hushika tezi kama mtoto ashikavyo kanzu ya babaye.

Tena tanga letu la foromali lina kasoro moja. Haliwezi kupunguzwa kirahisi likiwa juu. Kwa hiyo nahodha mwenye akili huwa na matanga mawili, kubwa la asubuhi na dogo la dhoruba. Anayekwenda na tanga moja amekwenda na nusu ya chombo.

MAJI YA NDANI NA MCHANGA

Mchanga wa farumi ni mzuri, lakini una hila. Chombo cha mbao kitupu kikijaa maji huendelea kuelea, na watu wakakishika. Kikiwa na magunia ya mchanga yaliyofungwa kwa nguvu, huwavuta wote chini. Yakiwa hayakufungwa kabisa, huteleza kwenda upande wa demani, yaani upande uendako upepo, na kusaidia adui. Basi yakalisheni katikati ya mataruma, juu ya mkuku, mkayafunge kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

Adui mkubwa kuliko mchanga ni maji yaliyoingia. Ndoo 5 za lita 20 ni kilo 100. Mtu wa kilo 100 ukimwambia kaa upande wa joshini, yaani utokako upepo, atakaa. Maji hayasikii. Chombo kikilala nayo hukimbilia huko huko kilikolala. Ubao mmoja uliosimamishwa katikati ya ngama kwa urefu wa chombo, ukiyagawa maji mafungu mawili, hupunguza ubaya wake mpaka robo. Ni ubao tu, tena wa bei ndogo. Na yule kijana wa kukumba maji msimdharau. Kazi yake ni sawa na ya nahodha.

Vyombo vya faiba vinaingia sasa. Ni vyepesi na havivuji upesi, lakini faiba yenyewe haielei kama mti. Ikijaa maji bila vyumba vya hewa, huzama. Fungeni madumu matupu ya lita 20, yenye vifuniko vilivyokazwa, chini ya mbao za kukalia. Dumu moja laweza kumshikilia mtu na mwenzake mpaka msaada ufike.

TANGA NILILOSHONA MIMI

Ndugu zangu, jambo nitakalolisema sasa sikulisema mbele ya watu wengi.

Miaka mingi iliyopita mwenye chombo mmoja, ambaye simtaji, aliniletea mtumbwi wa tanga. Alitaka kufika sokoni kabla ya wenzake. Akaniambia, "Fundi, niongezee tanga." Nikamwambia mwili ni mwembamba. Akasema, "Wewe ni wa kushona au wa kunihesabia?" Siku zile sikuwa na kazi, na nyumbani palikuwa na watoto. Nalishona. Naliongeza zaidi ya robo.

Watu 4 walikwenda nacho, wakienda kwa desturi ya kugawana mapato baada ya mwenye chombo kuondoa fungu lake. Walijua ya kwamba tanga limezidi. Mmoja wao aliniambia asubuhi ile akicheka, "Mzee, leo umetupa mabawa." Nikacheka naye. Kwa juma mbili walikuwa wa kwanza gatini kila siku, na watu wakanisifu. Alasiri moja upepo wa ziwa uliingia na mvua. Tanga dogo hawakuwa nalo, maana kitambaa chake nalikitumia kuongeza lile kubwa. Wawili waliogelea wakiwa wameshika makafi. Wawili hawakurudi. Yule aliyecheka nami alikuwa mmoja wa hao wawili.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Watu walisema ziwa limewataka. Mwenye chombo alidai gharama ya nyavu zake. Mimi nalikwenda matangani, nikala chakula cha matanga, nikanyamaza. Nilikuwa na hesabu ya robo kichwani mwangu, nisiiseme, kwa sababu nalikuwa peke yangu na njaa. Leo nasema kwa sababu siko peke yangu. Hii ndiyo maana ya chama.

MSTARI WA PLIMSOLL

Msidhani shida hii ni ya Dunga tu. Katika Uingereza ya karne ya 19, wenye meli walipakia meli mbovu kupita kiasi, huku wamezikatia bima. Meli ikifika, walipata faida. Ikizama, walilipwa. Mabaharia waliziita meli za majeneza. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipiga kelele katika Bunge miaka mingi, mpaka mwaka wa 1876 ikatungwa sheria ya kwamba kila meli ipigwe alama ubavuni ya kuonyesha mwisho wa mzigo. Hata hivyo mwanzoni wenye meli waliachiwa wachague wenyewe mahali pa kupiga alama hiyo, na miaka mingine ilipita kabla sheria haijakaza.

Leo alama ile iko katika meli za dunia nzima, duara lenye mstari katikati, na pembeni yake mistari midogo. Mmoja una herufi F, wa maji matamu kama haya yetu, kwa sababu maji ya chumvi hubeba zaidi. Jahazi lenye uzito wa tani 40 likiletwa kutoka bahari mpaka ziwani, sharti lisukume maji zaidi kiasi cha mita 1 ya ujazo ndipo lielee. Ziwa ni laini, ndugu zangu. Mzigo ule ule huzama zaidi kidogo.

Na hapa kwetu somo tumelipewa kwa bei kubwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Ilikuwa ya abiria 430, na waliokufa walizidi 800 kwa hesabu iliyotolewa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara. Kilikuwa cha abiria 101, na waliokufa walizidi 220. Hivyo havikuwa vyombo vya tanga, lakini sheria ya akiba ni moja. Watu wengi wakisimama juu, uzito hupanda. Wakisogea upande mmoja, akiba huisha. Maji hayaulizi kama una injini.

TUNAYOYATAKA

Basi napendekeza mkutano huu uyafikirie mambo matano.

Kwanza, kila chombo kipigwe mstari mweupe ubavuni, na mstari huo uwekwe na fundi pamoja na wafanyakazi wa chombo, wala si na mwenye chombo peke yake. Mstari ukizama, chombo hakiondoki.

Pili, fundi asikuze tanga bila kupima upana. Nami nawasihi mafundi wenzangu tupatane: mmoja akikataa, mwenziwe wa jirani asikubali. Mteja akikuta milango yote imefungwa, atakubali hesabu.

Tatu, tanga dogo la dhoruba, ndoo ya kukumba na jaketi la kuokolea kwa kila mtu vihesabiwe kuwa vifaa vya kazi, vilipwe na mwenye chombo. Visikatwe katika fungu la wafanyakazi.

Nne, mfanyakazi akikataa kuondoka kwa sababu ya hali ya ziwa au mzigo, asipoteze nafasi yake. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Usomwe hapa ufukoni kila siku kwa lugha tunayoielewa, na kamati ya ufuko iutumie.

Tano, chombo kikipinduka, tukae tukiulize: upana wake ulikuwa kiasi gani, tanga kiasi gani, mzigo ulikuwa wapi, maji yaliingia wapi? Tusiizike sababu pamoja na maiti.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema mengi. Wazee husema haba na haba hujaza kibaba. Ziwani nako haba na haba huzamisha chombo: gunia moja, abiria mmoja, dhiraa moja ya kitambaa. Kila mmoja wetu akiizuia haba yake, watu watarudi nyumbani.

MASWALI

Mwanachama mmoja aliuliza: Siku hizi injini ni nyingi. Tanga lina faida gani tena?

Jibu: Petroli ina bei, upepo hauna. Tena injini ikizimika katikati ya mawimbi, chombo hugeuka ubavu na kukaa hivyo, na huo ndio mkao mbaya kuliko yote. Tanga dogo na mlingoti mfupi vitakupa njia ya kukielekeza. Lakini kumbuka ya kwamba injini yenyewe ni uzito uliowekwa nyuma. Usiongeze mzigo hapo kana kwamba haipo.

Mama mmoja muuza samaki aliuliza: Pwani kuna ngalawa zenye mbawa za miti pande mbili. Mbona hatuzitumii?

Jibu: Mama, umeuliza vema. Mbawa za ngalawa ni upana bila uzito, na ni werevu mkubwa wa wazee. Lakini hapa zitanasa nyavu na gugu maji, na katika mafunjo hazipiti. Tuchukue akili yake, tuiache sura yake: tutafute upana tunapounda, kabla msumari wa kwanza haujapigwa.

Kijana mmoja aliuliza: Mwenye chombo akisema, "Kama hutaki, shuka, wapo wengine," nifanye nini?

Fundi alinyamaza kidogo, kisha akajibu: Ndiyo maana tumekutana leo, mwanangu. Hao wengine ndio hawa waliokaa hapa. Watazame.